Kesi Zilizobandikwa Kando ya Kitanda

Nyumba tuliyopewa Olmotonyi ilikuwa ya mabanzi, na kati ya banzi na banzi upepo wa mlimani ulipita utakavyo. Walioishi humo kabla yetu walibandika magazeti ukuta mzima kwa uji wa ngano. Magazeti ya Kiingereza, ya Nairobi, ya zamani kabla ya vita, nadhani yalitupwa na mzungu mmoja wa mashamba ya huko chini. Yalikuwa yamegeuka rangi ya chai. Mende walikuwa wameyala pembeni kwa ajili ya ule uji, lakini katikati yalisomeka.

Nilipojifungua mtoto wetu wa kwanza, wa kiume, nikawa nanyonyesha nimelala ubavu, uso ukutani. Mtu aliyefika sekondari huwezi kumlaza mbele ya maandishi ukategemea asisome. Na aliyebandika, sijui alikuwa na moyo wa namna gani, upande wa kitanda aliweka kesi za mauaji tupu. Mpishi aliyeshtakiwa kumtilia bwana wake sumu kwenye supu. Mwanamke aliyekutwa ndani ya gunia karibu na reli. Fundi cherehani aliyechomwa kisu mchana, mtaa umejaa watu, na hakuna aliyeona.

Mume wangu alikuwa askari wa msitu. Akirudi jioni anavua viatu vya matope, anampakata mtoto, mimi namenya ndizi, anasema, "Haya, nisomee ya mpishi." Namtafsiria, yeye anahukumu.

"Hakufanya huyo. Mpishi hatii sumu kwenye supu anayoionja mwenyewe."

"Jaji kasema kafanya."

"Basi jaji hajui kupika."

Tulicheka. Ndiyo, tulichekea vifo vya watu. Hakuna sinema Olmotonyi.

Kesi moja ilikuwa karibu kabisa na mto wangu, kando ya tangazo la sabuni. Mfugaji mmoja wa huko Kenya alishtakiwa kumuua jirani yake. Ushahidi ulikuwa mwembamba, lakini baba yake alikuwa amepeleka mbuzi kwa wafiwa kabla ya kesi, na jaji akasema mtu hatoi mbuzi kwa kosa asilolifanya. Alinyongwa. Siku hiyo mume wangu hakutania. Alisema tu, "Huyo jaji hajawahi kuwa na majirani."

Mvua za masika zilipokatika, mume wangu alimkuta kijana wa upande wa machweo wa mlima ameingiza ndama kwenye misonobari michanga. Wakagombana mbele za watu. Kila mmoja alimwambia mwenzake maneno mabaya, mume wangu alisema, "Nikikukuta tena hapa, mama yako atakulilia." Watu walisikia. Hazikupita siku nyingi yule kijana akaokotwa korongoni, kichwa kimepasuka. Aliteleza? Alipigwa? Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba mchana ule aliokufa, mume wangu alikuwa ndani ya ile nyumba ya mabanzi, amempakata mtoto aliyekuwa anaungua na homa, kwa sababu mimi nilikuwa nimechoka kiasi cha kulia. Polisi walimchukua akiwa bado na matapishi ya mtoto begani.

Kabla wiki haijaisha nikapata habari kwamba wazee wa ukoo wake wanaandaa kondoo na isale. Isale ni lile jani refu tunalopanda mipakani na makaburini. Kwetu Meru jani hilo hutangulia maneno. Ukilifunga shingoni mwa mnyama ukampeleka kwa watu, hawawezi kukufukuza, lazima wakusikilize.

Nilichemsha maji, nikalowanisha ukuta, nikaibandua kwa kisu ile kesi ya mbuzi, pamoja na tangazo lake la sabuni. Nikapanda mlima kwa wakwe, mtoto mgongoni. Niliwakuta uani, karibu na kahawa iliyoanikwa, kondoo ameshafungwa kamba na jani shingoni.

"Shikamoo, baba mkubwa," nilimwambia kaka wa baba mkwe wangu, ndiye mkubwa wa ukoo.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na gazeti. Leo tunasoma au tunatoka?"

Niliwasomea yote, neno kwa neno, kwa lugha yetu. Walinisikiliza vizuri, hilo siwezi kuwanyima.

"Huyo aliyenyongwa ni wa kwetu?" baba mkubwa aliuliza.

"Ni wa Kenya."

"Basi mambo ya Kenya waachie Kenya."

"Jaji wake mzungu, baba mkubwa! Na wetu mzungu! Vitabu vyao ni vilevile!"

Mama mkwe akasimama. "Unaona jaji hapa? Kondoo haendi kwa jaji. Anakwenda kwa mama aliyefiwa."

"Mkimpeleka, mmesema mwanenu ameua."

"Tumesema hatutaki mwingine afe. Vijana wao wanapita hapo mtoni na sime, wanaangalia wanaume wa nyumba hii. Huyo mgongoni mwako ni nani? Si mwanamume?"

Nikaishika kamba ya kondoo. Shangazi mmoja akacheka, "Njooni mwone msomi anavutana na kondoo!" Nilivuta kwa mikono yote miwili. Mtoto alianza kulia. Baba mkubwa hakunigusa wala hakunigombeza. Alitoa kisu, akaikata kamba karibu na shingo ya kondoo, wakaondoka naye. Nikabaki nimeshika kipande.

Na sitasema uongo kwa sababu nina hasira. Baada ya siku ile wale vijana hawakuonekana tena mtoni. Mama wa marehemu alituma kibuyu cha maziwa. Mwanangu alilindwa na kondoo yule yule.

Mahakama Kuu ilipokuja kukaa mjini nilimpa wakili tuliyepewa na serikali lile gazeti. Aliligeuza huku na huku, akasoma tangazo la sabuni, akanirudishia. Akasema lisijadiliwe, pengine upande wa pili hawajui habari za kondoo.

Walijua. Mama wa marehemu aliitwa kizimbani, mwanamke mfupi, shanga masikioni, amevaa shuka safi. Akaulizwa kama watu wa mshtakiwa walileta kondoo.

"Walileta."

"Akiwa na jani?"

"Alikuwa na jani."

"Jani hilo maana yake nini?"

"Kuomba radhi," alisema, halafu akainua mkono, "lakini jani hilo..."

Akaambiwa ajibu alichoulizwa tu. Mkono ukabaki hewani kidogo, ukashuka. Nilimwona. Alikuwa na la kusema, na lilikuwa la kutusaidia sisi.

Mimi nilisema mume wangu alikuwa nyumbani. Jaji alisema mke mwenye mtoto mchanga ana kila sababu ya kusema hivyo. Ni kweli ninazo. Ya kwanza ni kwamba alikuwa nyumbani.

Wazee washauri waliokaa na jaji, watu wa mlima huu huu, wakaulizwa maoni yao mmoja mmoja. Wote walisema hana hatia. Isale hubebwa na aliyekosa na asiyekosa. Jaji aliwashukuru kwa adabu kubwa, akaandika maneno yao, kisha akasema ya kwake, na ya kwake yalikuwa yale ya ukutani kwangu. Mtu haombi radhi kwa kosa asilolifanya. Nilikuwa nayajua kabla hajafungua mdomo. Mume wangu aligeuka akanitafuta kwa macho, na niliona kwamba na yeye ameyakumbuka.

Nyumba ya msitu tulitakiwa kuiacha upesi. Sasa niko Sekei kwa dada yangu. Rufaa ya hukumu ya kunyongwa ilishindikana. Limebaki ombi kwa Gavana, naye akitaka humwachia mtu uhai, asipotaka basi. Nililiandika mwenyewe kwa Kiingereza, nikalirudia mpaka dada akaniambia karatasi zitakwisha.

Asubuhi ya kulipeleka posta, mama mkwe alifika. Alikuwa ameshuka mlima kwa miguu. Akafungua jani la mgomba, ndani mlikuwa na isale, mbichi.

"Weka na hili," alisema.

Nilimwambia maneno ambayo mkwe hamwambii mkwe. Nilimwambia jani hilo ndilo linalomnyonga mwanawe, kwamba yeye na ndugu zake walimfunga kitanzi kwa mikono yao wakarudi kunywa maziwa. Alisubiri nikachoka.

"Nimezaa saba, amebaki yeye," alisema. "Mimi sijui kuandika. Nina hili tu."

Nililikunja mara kadhaa likaingia kwenye bahasha. Kisha nikalitoa ombi tena, na chini ya sahihi yangu nikaandika alichokatazwa kusema yule mama kizimbani: jani hili halisemi nani ameua, linasema watu waliobaki wasiuane, na sasa tunamletea yeye Gavana, kwa sababu aliyebaki na mkono wa kuua ni yeye. Pengine ni maneno makali. Sikuyafuta.

Karani wa posta aliibonyeza bahasha. "Dada, unampelekea nani mboga?"

"Wewe pima," nikamwambia.

Majibu hayajaja. Mama mkwe hajarudi mlimani. Analala na sisi chumba kimoja, na gari lolote likisimama nje tunakaa wima wote wawili. Mtoto ameanza kusimama kwa kushika ukuta. Ukuta wa dada yangu ni wa udongo mtupu.