Barua ya garderi ilinipandisha treni

Bandugu, mutacheka, mucheke tu, lakini muniache nimalize, juu kuko kipande moja ya hii habari inanichoma mpaka leo, na bibi yangu akiielezea bantu ya kanisa anaiachaka ile kipande, basi minyi mwenyewe njo nitasema yote na haya yangu yote.

Minyi niko karani hapa Kamina, kwenye biro moja ya serikali. Kazi yangu ni kupokea barua na kugonga muhuri, na muntu mwenye kuleta barua kisha siku kupita minyi njo namurudisha na uso mukali (ndiyo, minyi huyu huyu).

Mutoto wetu Ngalula, wa miaka tatu, alikuwa anashinda garderi, fasi ya kulea batoto, avenue ya pili kutoka kwetu. Mama Diretrisi, mukubwa wa garderi, alikuwa anapokea batoto kumi na mbili, hapana zaidi, na sharti yake ilikuwa moja: kama unatoa mutoto, ulete barua mwezi moja mbele, juu kuko bazazi bengine banangojea ile nafasi. Sasa mama mukwe wangu akatoka Mulongo na kitunga ya samaki, akaingia, akakaa, akasema: "Minyi niko na mikono mbili muzima. Mutoto anaenda kushinda kwa bengine juu ya nini?" Bibi yangu akaandika barua muzuri sana, ya heshima, akanipa: "Weye unapita pale kila asubui. Umupe Mama Diretrisi mu mukono."

Kazi ya dakika moja. Lakini kila asubui nikifika, mbele nitie mukono mu mufuko, Mama Diretrisi anapiga makofi: "Papa Ngalula, huyu mutoto wenu njo furaha ya hii nyumba!" Sasa weye utatoa barua ya kuondoka mbele ya muntu anasema vile? Nikasema kesho. Kesho ikazaa kesho, barua ikalala mu shati, shati ikafuliwa, barua ikakuwa donge sawa bukari, ile ugali yetu, ya baridi, na mwezi ikaisha.

Bibi yangu akauliza: "Alisema nini?"

"Alikubali." (Uongo ya kwanza.)

Ngalula akabaki nyumbani na tate yake, ni kusema nyanya yake. Minyi nikaanza kupita njia ingine, ya kuzunguka, nafika kazini na vumbi mpaka magoti. Siku ya tatu, kona ya soko, uso kwa uso na Mama Diretrisi. "Papa Ngalula! Mutoto anagonjwa?"

Nikafungua kinywa na kinywa ikajisemea yenyewe: "Hapana, Mama. Tunahama."

"Wapi?"

"Mwene-Ditu. Kwetu Kasai. Na treni." Nikataja treni kwa akili, juu kwetu hapa haijulikani inakuja siku gani, nikasema mbele ifike atasahau.

Yeye akaweka kikapu chini. Akaniambia, pole pole, asema akiwa mutoto wa miaka saba, ile wakati bantu ya Kasai balikuwa banafukuzwa huku kwetu na fujo, alikuwa na rafiki anaitwa Kapinga, benchi moja masomoni. Asubui moja Kapinga hakuonekana. Akakimbia mpaka gare, kituo ya treni, akakuta treni imeisha kwenda. "Sikumuaga, Papa Ngalula. Mara hii hapana. Batoto bangu batamusindikiza Ngalula."

Pale njo ningesema kweli. Nikasema: "Asante, Mama."

Siku mbili kisha, treni ikatangazwa. Nilikuwa nakunywa chai, nikasikia nyimbo. Batoto kumi na moja, bameshika kamba moja, bamevaa tabliye zao za masomo, za bleu, na Mama Diretrisi nyuma na bata mukubwa mu kwapa, muzima, kama zawadi ya safari. Bibi yangu akatoka kwenye mulango: "Iko nini?" Nikamuvuta nyuma ya nyumba, nikamuambia yote na pumuzi moja. Akaniangalia. "Weye ulikoroga, weye utakunywa. Minyi niko na mihogo kwenye moto." Kisha akaenda mbele akasema na sauti tamu: "Batangulie. Minyi nitafuata na bintu."

Na mama mukwe? Hakuelewa kitu, alisikia neno treni tu, akafunga kitambaa na kuchukua kitunga yake. Hajapanda treni tangu azaliwe.

Kwenye gare, batoto banaimba, bantu banafuta machozi bila kujua ni juu ya nani, na katikati yao nani? Shefu yangu ya kazi, alikuja kupokea mugeni. "We karani! Unahama? Unaacha kazi bila kuniletea barua?" Nikasema: "Shefu, nitaeleza." Lakini ile treni, yenye kukawiaka mpaka bantu bapike chakula pale pale, ile siku ikaondoka kwa saa yake. Tukasukumwa ndani. Ngalula akapiga kelele dirishani: "Mama Diretrisi, kesho nakuja!" na yeye akalia zaidi.

Mule ndani tukabanwa sana. Kwetu muntu haketi karibu na mama mukwe, hata kula mbele yake ni haya, na minyi nimekaa bega kwa bega naye, bata juu ya magoti yangu, inaninyea. Yeye anasema tu: "Muzuri. Muzuri sana."

Tukashuka kituo ya kwanza, pori tupu, tukapata banaume wawili na makinga zao, baiskeli za kubeba bantu. Mama mukwe kwenye moja, minyi na Ngalula na bata kwenye ingine, saa mingi na jua, mpaka Kamina. Na bazazi balikuwa banachukua batoto yao kwenye garderi, njia yote imejaa, na Mama Diretrisi amesimama kwenye mulango.

Kinga ikasimama. Mama mukwe akamusalimia: "Treni yenu iko muzuri, mama. Tumerudi sasa."

Nikashuka, nikasema kweli mbele ya bantu bote: mama mukwe, barua, shati, uongo. Bazazi bakacheka mpaka kujishika viuno. Mama Diretrisi hakucheka.

"Ungesema tate yake amekuja, ningefurahi," akasema. "Kuko mutoto moja anangojea hii nafasi. Zile siku tatu za kwanza nilimuambia mama yake angoje, nilizani Ngalula anagonjwa, atarudi."

Akachukua bata yake. Akaingia.

Barua niliandika ile jioni, na kwa shefu nikaandika ya pili. Shefu alicheka, akagonga muhuri. Mama Diretrisi alipokea yangu, na ilipita majuma mingi mbele anisalimie.

Bata, kinga, shefu, vile vyote naweza kucheka nanyi. Lakini yeye alichunga ile kwaheri tangu akiwa mutoto wa miaka saba, na minyi nikaikula bure juu ya kuogopa kutoa karatasi mu mufuko. Kwa jina ya Mungu, siku hizi nikiwa na neno ngumu ya kusema, nalisema mbele hata ya kusalimia.