Mzee wa Manyoya Alivyopigwa Pasi

Majuzi nilimsindikiza mjukuu wangu kwenye maonyesho ya fedha za kale hapa London, nikakutana na noti ya bibi yangu. Haikuwa yenyewe, ilikuwa pacha wake: dola tano za Kimarekani za zamani, pana kuliko noti za leo, muhuri wa buluu upande mmoja, na katikati picha ya chifu aliyevaa taji la manyoya. Kibandiko chake kilijisifu kwamba haikuwahi kufuliwa wala kunyooshwa. Nilipomsimulia mjukuu habari za ile ya kwetu, alicheka, akauliza kwa Kiingereza chake iwapo bibi yangu alikuwa mjinga. Nimestaafu kutoka masjala ya serikali. Sina desturi ya kuacha kumbukumbu potofu bila kuisahihisha.

Tulihamia Tooting, hapa hapa London, baada ya mapinduzi ya Zanzibar, nikiwa msichana mdogo. Tulipanga juu ya duka la jirani wa Kihindi, mzaliwa wa Unguja kama sisi, na harufu zake za bizari na uwatu zilitupandia mpaka kitandani. Bibi alikuja na chetezo, kanga zake na noti ile, ambayo baba yake alipewa na Mmarekani mnunuzi wa karafuu. Aliiita Mzee wa Manyoya. Dada yake alikuwa amebaki Unguja, mgonjwa, na bibi hakuwa na nauli ya kwenda kumwona.

Jirani ndiye aliyemleta mnunuzi wa noti za kale. Bwana yule aliiinua kwenye mwanga wa dirisha, akatuonyesha nyuzi za hariri, nyekundu na buluu, zilizofumbatwa ndani ya karatasi. Akanishika kidole, akakipitisha juu ya manyoya ya chifu ili niisikie mistari ya wino iliyotuna. Alisema karatasi bado ina ukakamavu wake, kwamba doa la halua pembeni halimsumbui sana, na kwamba angerudi Jumamosi na malipo ambayo yangetosha nauli ya kwenda na kurudi.

"Bi Mkubwa, ukifika Unguja usinisahau kwa halua," jirani akatania.

"Meno yenyewe huna," bibi akamjibu. "Utaila kwa ufizi?"

Wiki ile nyumba yetu ilikuwa na sikukuu yake. Bibi alinunua kanga mbili za kumpelekea dada yake, akaziweka sandukuni. Lakini lile doa lilimkera. Kwetu, kitu hakitoki nyumbani kwenda kwa mtu kikiwa na uchafu. Kufanya hivyo ni kumtukana anayekipokea. "Mzee wa Manyoya anasafiri," aliniambia, "nitamtoaje hajaoga?" Akamwosha taratibu kwa sabuni, akamchovya katika maji mazito ya mchele, akampiga pasi chini ya kitambaa, kisha akamfukiza udi kama bi harusi. Nakumbuka mvuke wa pasi na namna alivyokuwa akiimba.

Jumamosi mnunuzi aliishika noti, akaipitishia kidole, akairudisha mezani. Mistari ilikuwa imelala. Karatasi ilikuwa imekauka kama kola ya shati.

"Bi Mkubwa, umeifanya nini?" jirani akauliza kwa sauti ndogo.

"Nimeipamba, baba. Inuseni."

Bwana yule alivaa kofia yake, akaondoka bila kuinunua. Dada yake bibi alifariki kabla nauli nyingine haijapatikana.

Nina hasira mpaka leo, nami nataka ieleweke ni hasira juu ya nani. Bwana yule alijua kila unyuzi wa noti ile. Aliufundisha hata mkono wa mtoto. Neno moja tu, "msiifue", hakulisema. Miaka yote niliyokaa masjala sikumruhusu mtu kuondoka kabla sijamweleza lile ambalo hakujua kuuliza. Adabu ya bibi haikuwa ujinga. Ilikutana na ujuzi usio na adabu.

Duka la jirani sasa linauza simu, na yeye na bibi wameshakwenda mbele ya haki. Niliporudi kutoka maonyesho nilifungua sanduku la bibi. Noti haina tena hata chembe ya udi. Chini yake zimo kanga mbili za dada yake, zimekunjwa vilevile alivyozikunja bibi, rangi yake haijaona maji.