Safari ya Ndege Kuukuu Bila Mama

Kosa langu la kwanza lilikuwa kusema "Amina" kabla mama hajamaliza kuomba.

Safari ile nilikuwa nimeipanga tangu mvua za mwisho wa mwaka. Mambo ya ndege nimejifunza peke yangu, kwa video za simu na magazeti makuukuu niliyonunua sokoni Machakos, na sijawahi kupanda hata moja. Nilitaka tuzunguke na gari kuona ndege za zamani: asubuhi makumbusho ya Nairobi, mchana uwanja mmoja mdogo upande wa Naivasha, jioni turudi. Niliipanga njia, nikaifuta, nikaipanga upya. Nilijua mpaka choo tutaendea wapi. Mama nilikuwa nimemwahidi kiti cha mbele. Maisha yake yote ndege zinampitia juu ya shamba zikishuka kwenda Nairobi, naye hajawahi kuisogelea hata moja.

Asubuhi hiyo binamu yangu alileta gari lake, Probox. Mama alitoka amevaa viatu vya Krismasi na kitambaa cha kina mama wa kanisa, ameshika chapati na thamosi ya chai. Kwetu gari haliondoki kwenda mbali bila maombi, kwa hiyo majirani wawili walikuja wakasimama nasi. Mama akaweka mkono juu ya boneti.

Aliombea magurudumu. Akaombea breki za malori yote ya barabara ya Mombasa, tunayopita kwenda Nairobi. Mimi nikafungua jicho moja nikaangalia simu. Tulikuwa tumeanza kuchelewa.

"Na wale vijana, Bwana, waliopanda hizo ndege zamani, wakaenda, na mama zao wakangoja..."

"Amina," nikasema, kwa sauti.

Majirani wakaitika kwa mazoea, "Amina!" Basi maombi yakawa yamefungwa. Mama alifungua macho, mkono ukiwa bado kwenye boneti.

"Haya," akasema. Tulipoingia garini, akampitishia binamu chapati na thamosi dirishani. "Nendeni. Nimekumbuka kuku hawajala."

"Mwaitu, ingia bwana," binamu akamsihi. Sote tunamwita mama hivyo, kwa Kikamba. "Huyu rubani wako ana haraka ya bure. Hizo ndege hazina hata injini, zitaenda wapi?"

Mama akacheka kidogo, akageuka kwenda nyumbani. Mimi sikushuka kumfuata. Na hili linaniuma kuliko ile Amina: nilihisi nafuu. Bila yeye hatungesimama njiani, pale Kyumbi, kumsalimia wifi yake, wala kukalishwa kwa chai ambayo huwezi kuikataa. Ratiba yangu ilikuwa imepona.

Tulifika Nairobi geti likiwa bado limefungwa. Tukakaa garini tukila chapati zake.

Ndani, mwongozaji alituonyesha ndege ya vita vya zamani, tumbo limejaa viraka. Niliuliza habari za injini, na mafuta, na mabawa.

"Mwaitu angeuliza ni nani aliyekuwa akiiendesha," binamu akasema.

Nilijifanya napiga picha.

Jioni, tuliporudi kutoka Naivasha, nilimpa mama simu. Alizipitisha picha moja moja kwa kidole, polepole, mpaka ya mwisho: mabawa, propela, misumari ya bati.

"Ni nzuri," akasema. "Na watu wako wapi?"

Sikuwa nimempiga picha mtu yeyote, hata binamu. Nilimwomba msamaha papo hapo. Akasema hakuna neno, akaniuliza kama nimekula.

Sasa ninapanga safari nyingine. Kabla ya kufungua ramani nilimwuliza mama angependa twende siku gani, na tupitie kwa nani. Alisema, "Tutaona." Hajakubali, na huenda asikubali. Kilichobadilika ni kwamba siku hizi nauliza kwanza, na nikishauliza nasubiri jibu.