Mtori wa Chumbageni

Jirani yangu hapa Chumbageni ni Mchaga wa Moshi, Mlutheri, na mimi ni mtoto wa pwani nisiyepitisha siku bila kukuna nazi. Tunapakana ukuta. Mwaka wake wa kwanza, alipoona pweza ndani ya sufuria yangu, alikimbilia kwake akafunga mlango. Siku hizi wachuuzi wa Kigombe wakipita ndiye wa kwanza kutoka, na anachagua pweza kwa maringo kuliko mimi.

Alipojifungua mtoto wake wa kwanza nikajipa kazi ya kumlisha, maana mumewe ni dereva wa lori na alikuwa njiani, na mama yake mzazi alizuiwa na goti bovu kusafiri. Nikampelekea uji wa pilipili manga, anaokunywa kila mzazi kwetu. Akaonja, akasukuma bakuli. Nikaleta mchuzi wa chukuchuku, samaki changu mzima ndani. Nao akausukuma. Nilikasirika, sifichi, mtu hasusi chukuchuku yangu hivi hivi. Lakini siku iliyofuata mtoto alilia tangu asubuhi mpaka adhuhuri, maziwa hayamtoshi, na mama yake naye akaanza kulia. Hasira ikaniisha, nikashikwa na hofu.

"Shoga, unataka nini? Sema."

"Mtori," akasema. "Kwetu mzazi anapewa mtori. Kama wa mama."

Mtori nilikuwa nikiusikia tu. Nikaenda mbio sokoni, nikarudi na ndizi mbichi na nyama ya mifupa. Shoga yangu akaketi kwenye mkeka mlangoni mwa jiko langu, mtoto mapajani, akampigia mama yake simu ya video.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Haya, menya ndizi. Si hivyo, unatupa nusu ya ndizi na ganda!"

Nikamenya, utomvu ukanigandia vidoleni. Nyama ilipoiva nikatia ndizi na kitunguu, zikalainika, nikaziponda kwa mwiko mpaka mkono ukafa ganzi, na mama yule kila nikipumzika, "Bado, ponda." Nikaonja. Haukuwa mbaya, ila ulikuwa mpweke. Ndizi bila tui, jamani! Na nazi nilishaikuna tangu asubuhi, kama kawaida yangu. Mama hakusema niitie, wala hakusema nisiitie. Nikamimina tui zito, nikakoroga upesi.

"Ngoja. Hicho cheupe ni nini?"

Kumbe simu ilikuwa bado imenielekea.

"Tui la nazi, mama."

"Nazi! Kwenye mtori!" Akawageukia watu aliokuwa nao huko Moshi, akawaambia jambo kwa Kichaga, wakaangua kicheko. Kisha akaniamuru nimwage, nianze upya.

Nikabaki nimesimama na mwiko wangu, ndizi zimekwisha zote. Shoga yangu hakungoja tuamue. Aliegemeza simu kwenye ndoo, akanipa mtoto, akajichotea mwenyewe. Akanywa kijiko kimoja. Akanywa cha pili. Kisha akakiweka kijiko chini, akainua bakuli kwa mikono miwili.

Huko Moshi kicheko kikakatika. Mama yule alikuwa ameisogelea simu mpaka tukawa tunaona jicho lake moja tu na ncha ya kilemba, akimtazama mwanawe anakula.

"Hiyo nazi imebaki?" akaniuliza.

"Ipo, mama."

"Basi mwongezee."