Maganda ya Vitunguu

Kila akidondosha sumu ya madini ya risasi kwenye kisahani cha seli za figo, mama wa maabara husema, "Poleni, wanangu." Wenzake humcheka. Kabla ya hapo huwa ameshazinywesha maji ya maganda ya vitunguu, chupa ameipasha kwa viganja kama alivyokuwa akimpashia dawa marehemu mumewe, fundi aliyeyeyusha risasi ya betri kuukuu uani mpaka figo zikamgomea. Leo, kwa mara ya kwanza, seli zimeamka salama. Wenzake wanapiga vigelegele; yeye ameganda kwenye hadubini.

"Mama, mbona hufurahi?"

Anavua glavu taratibu, kidole kimoja kimoja. "Nimefurahi. Ila mume wangu alikuwa hali chakula bila kitunguu, jamani. Maganda nilikuwa nayatupa mimi."