Dude Lililokula Sikio

Hebu sema kweli: umewahi kulipenda dude lililokula sikio lako? Hujawahi? Basi usimcheke Sikio-Moja kabla hujamsikiliza vizuri, jambo ambalo yeye mwenyewe halimudu.

Alikuwa fundi redio, mwembamba kama waya wa fyuzi. Sikio lake la kulia lilifanya kazi. La kushoto lilibaki la kushikia miwani tu. Hilo la kushoto lililiwa ujanani, kwenye ukumbi wa dansi, aliposimama muziki mzima mbele ya spika ili msichana fulani aone kwamba yeye si mwoga. Msichana hakuona kitu, alikuwa anacheza na mwingine. Lakini fundi aliondoka pale kichwa kikivuma, moyo ukiwa umebaki kwa lile dude lililokaa nyuma ya spika: amplifaya kubwa ya valvu, ile mitambo ya zamani yenye vichupa vya kioo vinavyowaka rangi ya chungwa, nzito kama jeneza la tajiri.

Miaka ikapita, akaoa msichana mwingine, mwenye akili zaidi. Ukumbi ukaja kuvunjwa. Fundi akaenda kuchungulia kwenye kifusi, akalikuta dude lake lina kuku ndani, limegeuzwa kiota. Mlinzi akampa bure kwa sharti moja: asiguse mayai.

Mkewe, ambaye ni fundi cherehani, alilitazama linavyoshushwa na watu wenye mikokoteni, akaweka mikono kiunoni.

"Lilikula sikio," akasema, "sasa limekuja kula chumba."

Chumba chenyewe kilikuwa cha mbele, chenye dirisha kubwa linalotazama barabara. Kilijaa redio zilizokufa na nyingine zinazokata roho. Mke alishonea kwenye korido karibu na jiko, na si mara moja gauni la bibi harusi lilitoka pale likinuka vitunguu. Wateja hawakujua hata kama kuna fundi nguo ndani. Akamwita kaka yake, ambaye ni dalali, awe shahidi.

"Shemeji yako huyu hapa," akamwambia. "Dude lake alitengeneze, aliuze. Likipata mnunuzi, chumba ni chake mpaka afe, sitafungua mdomo tena. Asipoliuza, yeye na mizoga yake wanahamia barazani."

"Shemeji, umesikia?" dalali akauliza.

"Nimesikia nusu," fundi akajibu, "na nusu hiyo nimeikubali."

Akaanza kazi. Wapita njia walimwona dirishani akifanya kazi kwa mkono mmoja, mwingine ameutumbukiza mfukoni, wakasema uvivu wa mtu huyu umezidi. Hawakujua kwamba mtambo ule unaweza kukuua hata ukiwa umechomolewa. Kapasita zake hutunza umeme kama jirani anavyotunza kinyongo, na mwenye kuingiza mikono yote miwili huupa umeme njia ya kupitia moyoni. Mkono wa mfukoni ndio uliomweka hai. Kwa hiyo alipiga lehemu kwa mkono mmoja, akang'oa kinyesi cha kuku kwa mkono mmoja, na kwa mkono huohuo akawapungia waliomcheka.

Kilichomshinda ni transfoma, lile donge la chuma na shaba linalokuza umeme kabla ya kuugawa. Ilikuwa imeungua ndani, na hapakuwa na duka lenye nyingine. Ilibidi isukwe upya: waya mwembamba kama unywele, mzunguko juu ya mzunguko, tabaka juu ya tabaka, karatasi katikati. Vidole vyake vilizoea bisibisi; waya ukakatika, akaanza upya, ukakatika tena.

"Toka hapo," mkewe akamwambia. "Unashika waya kama unashika nyoka."

Akavuta kiti na kusuka yeye, akihesabu kwa sauti, kwa sababu ukipoteza hesabu unafumua yote. Jirani akabisha hodi.

"Hodi wenyewe! Hamjambo?"

"Usinisalimie, nahesabu!"

Jirani akaenda kutangaza kwamba mke wa Sikio-Moja anahesabu makosa ya mumewe na kazi inaelekea kuwa ndefu. Ilikuwa ndefu kweli. Lakini mizunguko ilikaa imenyooka kama pindo la suti, na fundi alipoipitishia kidole akaenda kumletea chai.

"Swichi ni mbili," akamweleza mkewe siku lilipokuwa tayari. "Ya kwanza inapasha valvu moto. Unasubiri. Ya pili ndiyo inaliruhusu liseme. Ukikosea mpangilio, unaua valvu."

"Umeniambia mara mia. Kiziwi ni wewe, si mimi."

Dalali akaleta mnunuzi, mwenye baa, bwana wa pete nyingi na kiatu kinachometa. Fundi akabonyeza swichi ya kwanza. Kimya.

"Bovu?" bwana akauliza.

"Linapasha moto, mkubwa. Halikurupuki."

Vichupa vikaiva taratibu, kwanza vyekundu, kisha chungwa. Swichi ya pili. Fundi akasogeza kipaza sauti mdomoni, akasema kwa upole tu, "Habari za mchana?" Spika ikatoa sauti nene, ya joto, iliyojaza chumba na kumwagika barabarani. Kutoka mtaa wa pili mtu akaitikia, "Nzuri!"

Dalali akapiga makofi. Bwana hakusikiliza; alikuwa ameinama akiangalia vichupa. Fundi akazima.

"Taa zake nimezipenda," bwana akasema. "Nitaliweka kwenye rafu ya kioo, nyuma ya kaunta. Ila ni zito. Lile donge la nyuma litolewe. Na ndani mtie vitaa vya betri."

"Likitolewa halitasema, mkubwa."

"Nani amelitaka liseme? Muziki ninao, mashine yangu ndogo kama kipande cha sabuni. Hili likae, liwake, watu wapige nalo picha."

Kuna watu wenye pesa wa namna hii kila mahali: kila kilichoumbwa kiseme wanataka kikae kimya, kipendeze. Na si mitambo tu.

Bwana akanyoosha kidole chenye pete ndani ya mtambo ili aonyeshe donge analokusudia. Fundi akamchapa kofi mkononi, paa!

"Shemeji! Unampiga mteja?"

"Nimemfufua kabla hajafa. Mle ndani umeme bado umelala."

Bwana akasugua mkono wake. Hakuondoka. "Unatoa donge au hutoi? Nimalizane na wewe sasa hivi."

Fundi akatazama chumba chake. Akatazama dirisha, meza yake iliyoungua alama za lehemu, misumari aliyotundikia nyaya zake kwa rangi. Bisibisi, skrubu chache tu, na vyote hivi vingekuwa vyake mpaka afe. Mkono ukatoka mfukoni. Akachukua bisibisi.

"Weka chini," sauti ikasema.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, futi ya kupimia shingoni, pini mdomoni. Akazitema pini kiganjani moja moja.

"Mke wangu, lakini chumba..."

"Chumba nitakichukua, usiwe na wasiwasi. Lakini kazi ya mkono wangu haifumuliwi ili mtu apate kibatari." Akamgeukia mwenye baa. "Na wewe, kaka, hicho kiatu chako mbona kinametameta hivyo? Kitumie. Mlango ule pale."

Bwana akatoka na pete zake. Dalali akamfuata akiomba radhi, kisha akarudi peke yake, uso umemshuka, naye dada yake akampa upande mmoja wa meza abebe. Makubaliano ni makubaliano. Kabla jua halijazama, redio zote zilikuwa barazani, na cherehani iko dirishani. Dude peke yake lilibaki ndani, maana wenye mikokoteni walishaapa hawaligusi tena.

"Umenifukuzia mnunuzi, kisha ukaninyang'anya chumba," fundi akanung'unika.

"Umesikia vizuri leo," mkewe akamjibu.

Asubuhi yake, Sikio-Moja alikuwa barazani akitafuta mahali pa kupigilia misumari yake, amenuna, alipomwona mkewe kupitia dirisha. Alijifunga kanga vizuri, akalisogelea dude, akabonyeza swichi ya kwanza. Kisha akakunja mikono akasubiri. Hakuharakisha. Vichupa vikaiva mpaka vikawa chungwa kabisa, ndipo akabonyeza ya pili na kuvuta kipaza sauti.

"Amkeni!" mtaa mzima ukatetemeka. "Suruali zinapunguzwa hapa, magauni yanashonwa hapa, hayanuki vitunguu tena! Na hili dude mnalolisikia linauzwa, fundi wake yuko barazani amenuna. Lakini anayetaka taa, akanunue mishumaa!"

Madirisha yakafunguka. Mmoja akatukana, mwingine akauliza bei. Na wa kwanza kutokea kwenye kona, huku bado anasugua macho, alikuwa yule bwana mwenye baa. Alikuwa ameshika suruali mkononi.