Maziwa ya Simiyu

Wenzangu mliokulia Kitale siku za maziwa ya pembe tatu, najua hamjasahau jinsi tulivyoifungua pakiti ile. Nani alihitaji makasi? Uliing'ata ncha moja kwa jino la pembeni, ukatema kile kipande cha karatasi, ukafyonza haraka kabla mkubwa wako hajatokea. Pakiti ikiisha haikutupwa. Wasichana tuliikunja pamoja na nyingine, tukazijaza nyasi, tukazifunga kwa uzi wa gunia, tukapata mpira wa kuchezea kati, ule mchezo wa kumrushia aliye katikati. Mwalimu wa kilimo naye alitutaka kila mmoja alete pakiti tupu, tukatia udongo, tukapanda miche ya misipresi kando ya uwanja wa gwaride. Hadi leo nikipita kwenye ile shule naiona misipresi, minene kuliko mimi, na mimi si mwembamba.

Watoto wa siku hizi wakiona utando juu ya maziwa wanasema, "Aki hii imeharibika," na kuyamwaga. Sisi utando tuliugombania. Mama alituwekea zamu, na aliyedanganya kuhusu zamu yake alisali sala ndefu usiku huo.

Alfajiri tuliamshwa na lori. Lilipita barabara ya mashambani likikusanya maziwa, na mikebe yake mikubwa ya bati iligongana kama kengele za kanisa lililochanganyikiwa. Mji wetu ulizungukwa na mashamba ya ng'ombe wa gredi, weusi kwa weupe, wenye viwele vilivyokaribia kugusa nyasi. Kwa hiyo watu wa kwetu kijijini Misikhu waliamini kwamba anayekaa Kitale anaoga maziwa. Hawakujua kwamba maziwa yale yaliondoka kabla jua halijachomoza, na yakarudi mjini ndani ya karatasi, yakiwa na bei.

Hivyo ndivyo Simiyu alivyoletwa kwetu. Ilikuwa miaka ya themanini inaelekea mwisho, mimi niko darasa la sita. Mama mdogo, dada yake Mama aliyemfuata, alifariki siku chache baada ya kujifungua. Kule Misikhu kiangazi kilikuwa kimemaliza majani, na ng'ombe wa Kukhu, yaani nyanya yetu, alikuwa amekauka kabisa. Kukhu akamfunga kitoto kile mgongoni, akapanda gari hadi Kitale. Jina alikuwa amekwisha kumpa, Simiyu, maana alizaliwa kiangazi.

"Nimemleta kwenye maziwa," alisema akiingia mlangoni.

Mama alimpokea mtoto akamtazama Baba, naye Baba akatazama sakafu. Baba alikuwa mfanyakazi katika ghala la mahindi. Tuliishi katika chumba na nusu, na mfugo wetu ulikuwa paka mmoja, tena wa jirani.

Kukhu alikuwa amemfunga Simiyu uzi mweusi kiunoni. Wengine hudhani ni hirizi. Kwake ulikuwa mizani. Kila asubuhi alipitisha kidole kati ya uzi na ngozi. Kidole kimoja kikipita kwa shida, mtoto ni mzima. Wiki ya kwanza kilipita kimoja. Wiki zilizofuata vikapita viwili, na Kukhu akaacha kuimba alipokuwa akimwogesha.

Kila nilipotoka shule nilifuatana na Mama hadi supamaketi. Tuliijua moja tu, yenye mlango wa kioo na sakafu iliyotutia hofu ya kukanyaga. Maziwa ya unga ya watoto yalikaa rafu ya juu, na tulikuwa tukiyasalimia tu kwa macho. Siagi na samli zilikuwa na vibandiko vidogo vyeupe vya bei, na bei ilipopanda hawakuondoa kibandiko cha zamani, walibandika kipya juu yake. Mama alikuwa na tabia ya kukwaruza kwa ukucha ili aone cha chini.

"Mama, usikwaruze hiyo, utalipa!" askari wa mlangoni alimkemea siku moja.

"Si nakwaruza nione aibu yenu," Mama akajibu. "Juma hili tu mmebandika mara ngapi?"

"Mwache aone," akadakia mwanamke mmoja aliyekuwa akirudisha siagi kwenye rafu. "Sisi hata siagi tumeiachia watu wa harusi. Na sasa maziwa nayo, bana! Ng'ombe wananyonyesha dhahabu?"

Watu wakacheka, lakini kila mmoja aliondoka na pakiti pungufu ya alizokusudia. Mama alichukua za Simiyu peke yake. Nyumbani tukahamia turungi, ile chai kavu isiyo na maziwa, na Baba akaisifu kila asubuhi mpaka tukajua haipendi.

Sasa nifike kwenye Jumapili ile.

Mchungaji alitutembelea pamoja na akina mama wa kanisa, kumfariji Kukhu kwa msiba wa bintiye. Nyinyi mnajua desturi zetu. Mgeni, tena wa msiba, tena mchungaji, hupewa chai nyeupe. Kumpa turungi ni kama kumwambia ameketi vibaya. Duka lilikuwa limefungwa, na kabatini mlikuwa na pakiti moja, ya kumvusha Simiyu hadi kesho yake.

Kukhu alimfuata Mama kwenye pazia lililotenga jiko. Nilikuwa nikipanga vikombe.

"Nekesa," akanong'ona, "mchungaji atakunywa turungi kwa nyumba yako?"

"Mama, hiyo moja ni ya mtoto."

"Mtoto atalala tu. Mgeni hatasahau."

"Mgeni ana kwake, atakula. Huyu ana wapi?"

Kukhu akashika nguo yake kifuani. Alikuwa amefundishwa ukarimu na mama yake, naye akatufundisha sote, na sasa ukarimu wenyewe ulikuwa ukidai kikombe cha mjukuu wake. Mama akamimina turungi. Mimi ndiye niliyebeba sinia. Sijawahi kubeba kitu kizito kuliko vile vikombe vya chai nyeusi.

Kisha Mama Chebet, mwanamke mmoja mrefu aliyetoka miteremko ya Mlima Elgon na ambaye ulimi wake uliogopwa hata na wazee wa kanisa, akainua kikombe chake dirishani akakichungulia, akamwita Mama kwa jina langu.

"Eh, Mama Nafula! Ng'ombe za Kitale zimekufa zote, ama ni sisi tu hatupendwi?"

Wakachekea vikombeni. Hapo Simiyu akalia, kile kilio chake chembamba kilichokuwa kikikatika katikati. Mama akapasha maziwa kidogo, akaja kuketi katikati ya wageni, akaanza kumnywesha kwa kijiko. Tulisikia kijiko kikigonga kikombe, basi. Miguu ya mtoto ilining'inia kama vijiti vya kuwashia moto, na uzi kiunoni ulikuwa umeshuka hadi kwenye nyonga.

Mchungaji akanyoosha kikombe chake. "Mama, niongezee hii turungi," alisema. "Imeiva vizuri."

Mama Chebet hakumaliza yake. Alikuwa akiutazama ule uzi.

Kulipokucha, baada tu ya lori kupita, mlango ukagongwa. Alikuwa yeye, na mkononi alishika kikebe cha bati kilichokuwa cha mafuta ya kupikia, chenye mshikio wa waya, kimejaa maziwa yenye povu. Alikuwa na ng'ombe mmoja pembeni mwa mji karibu na reli, na maziwa yake yote yalikwenda kwa lori, kwa malipo yasiyopanda hata bei ya dukani ilipopanda.

"Leo lori limepata pungufu," akasema. "Lori halina mtoto."

Mama akakimbilia kitambaa alichofungia pesa. Mama Chebet akamshika mkono.

"Maziwa ya mtoto haiuzwi kwetu. Lakini wewe unajua, kikebe changu hakirudi tupu."

Mama alijua. Kwetu pia chombo cha jirani hakirudishwi tupu. Hata ukikosa, utatia chumvi ya kubana kwa vidole. Siku ile ya kwanza kilirudi na hiyo chumvi, na Mama aliona haya kama aliyekirudisha na mchanga. Ndipo Baba akamwomba msimamizi wa ghala chenga na pumba zilizofagiwa sakafuni, akaruhusiwa. Tangu siku hiyo kikebe kilikwenda na chenga, kikarudi na maziwa. Ng'ombe alikula, Simiyu akanywa. Asubuhi zote Mama aliomba mambo mawili, kwamba ng'ombe yule asikauke na kwamba msimamizi yule asihamishwe.

Mvua ilipofika, Kukhu alipitisha kidole kimoja kiunoni mwa Simiyu, kikakwama. Akauita mtaa mzima. Uzi ulikatwa siku hiyo ukafungwa mwingine mrefu zaidi, na Mama Chebet akanywa kwetu chai nyeupe mpaka akafungua mkanda. "Sasa mnatupenda," alisema.

Leo Simiyu ana kipara. Anaishi Bungoma mjini, nami niliolewa huku huku, nje kidogo ya mji, nina ng'ombe mmoja na namshukuru Mungu kwa huyo mmoja. Juzi alinipigia simu. "Dada, maziwa imepanda tena. Ya mtoto tumeanza kuongeza maji." Binti yake bado hajaanza kutembea. Niliingia na Simiyu supamaketi nikaona akina mama wakiinua pakiti, wakiitazama, wakiirudisha, kila mmoja peke yake na simu yake. Bei siku hizi imeandikwa kwenye kioo kidogo kinachojibadilisha chenyewe. Hakuna cha kukwaruza, na hakuna aliyepiga kelele nikacheka naye.

Basi nampelekea kikebe kwa kijana wa bodaboda. Siku ya kwanza kilirudi kimeoshwa kwa sabuni ya ndimu, kinanukia vizuri, na ndani hamna kitu. Mke wa Simiyu alinitumia ujumbe wenye vimikono viwili vya kusali. Nilicheka peke yangu uani. Msichana ni mwema, ila hakuna aliyemwambia, na chenga atazitoa wapi mjini? Nikakijaza tena. Lakini pumba nazo zinapanda, na ng'ombe wangu ana mimba. Miezi si mingi atakauka. Nikitazama huku na huku, simwoni Mama Chebet.

Nilipokwenda kumwona mtoto nilimfunga uzi mweusi kiunoni.

"Dada, hiyo ni urembo?" mama yake akauliza, akicheka.

Nikamwambia ni urembo.

Kila Jumapili baada ya ibada napita kwao, nampakata, na wanapoangalia kwingine napitisha kidole. Jumapili ya kwanza kilipita kimoja kwa shida; Jumapili iliyopita kilipita bila shida, nafasi ikabaki.